Marhamu ya Kijivu

Nje ni nyuzi thelathini na nne chini ya sufuri,
moshi wa makaa umeshuka Ulaanbaatar hadi magotini,
na huyu kijana Temuulen ameniletea kompyuta
inayokufa kwa joto.

Nimecheka. Naye kacheka, kwa kuwa nimecheka mimi.
"Inazima, mama. Dakika kumi tu, inazima."
Mji mzima unahangaikia moto,
kuna watu huko vilimani wanachoma hata matairi,
na sanduku hili la bati linao wa kumwaga.

Nafungua skrubu nne kwa mshazari:
hii, kisha ile ya ng'ambo yake.
Feni inabanduka kwa sauti ya kisigino topeni.
Lo!
Kaipaka kama siagi, mtoto wa watu.
Imejaa, imefurika, imeteremka pembeni,
imeingia hadi kwenye vijipini vya dhahabu.
"Nani kakufundisha?"
"Mwenyewe. Nilidhani ikiwa nyingi ndiyo itapoa zaidi."

Mwanangu, hapa haba na haba haijazi kibaba.
Hapa haba ibaki haba.

Spiriti, kipande cha fulana kuukuu, mswaki mlaini.
Nasugua mpaka prosesa inanionyesha
uso wangu na mikunjo yake yote.
Laini, eti? Ndivyo jicho linavyokudanganya.
Shika lenzi hii, tazama:
mabonde, vilima, mikwaruzo, nyika nzima ya chuma,
na juu yake kitakuja chuma kingine chenye mabonde yake.
Vibananishe kwa nguvu zako zote,
vitagusana nchani tu.
Kwingine kote hukaa hewa,
na hewa ni bahili, haimpi joto hata jirani.
Marhamu si gundi. Haiunganishi kitu.
Inakaa tu pale ambapo viwili vimeshindwa kugusana.

Nabonyeza bomba. Hakuna.
Nabonyeza tena: inatoka chaki, imekauka.
Saa kumi na mbili jioni, maduka ya chini yameshusha milango.

Nyuma ya ukuta huu wa plaiwudi yupo Otgonbileg,
fundi wa simu,
aliyekuwa mume wangu miaka kumi na mmoja.
Tuligawana kwa haki:
yeye dirisha, mimi rafu;
yeye bisibisi za Kijerumani, mimi madeni.
Tangu hapo tunazungumza kwa risiti.
Zamani tulisema mno. Kila kosa tulilipaka maneno,
yakafurika, yakaingia yasikopaswa.

Nagonga ukuta, mara moja.
Redio yake inapungua sauti.
"Una ile ya kijivu?"
Sikutaja jina lake. Hakuuliza ya nini.
Kwenye tundu la waya za umeme
kikatokea kibomba, kisha vidole viwili,
kile cha shahada kimefungwa kitambaa, na kitambaa kina damu.
Nilitaka kuuliza, umejikata na nini.
Nikasema, "Ahsante."

Punje moja ya mchele, katikati. Siitandazi.
Usiguse, namwambia Temuulen, usipulize,
uzito wa chuma utaitandaza wenyewe;
kazi yako ni kushusha wima
na kutobadili mawazo njiani.
Skrubu kwa mshazari, kidogo hii, kidogo ile.
Waya wa feni. Swichi.

Tisini na saba ndiyo namba aliyokuja nayo,
kaiandika kwenye kiganja kama deni.
Sasa thelathini na nane. Tunasubiri dakika kumi,
tunakunywa chai yangu ya chumvi, zinafika ishirini.
Arobaini na moja. Imetulia hapo.
Kijana analipa, anaufungia mzigo ndani ya koti lake,
kana kwamba wenyewe ndio wenye baridi.

Ukuta unagongwa. Mara moja.
Nafuta mdomo wa kibomba, nakaza kifuniko
mpaka kitoe kile kijisauti
(hulalamika kikiachwa wazi),
nakipitisha tunduni,
na nyuma yake, kabla sijajizuia,
plasta mbili.